Kiraka cha Gambuti ya Kushoto

Mguu wangu wa kushoto ulijulikana mtaani kwetu Viwanja Sitini kabla sijajulikana mimi. Mtu akiuliza kwa fundi cherehani, anaelekezwa hivi: nyoosha na barabara mpaka umwone mwanaume amekaa barazani, kidole gumba cha mguu kimempanda mwenzake. Ndiye huyo. Mafundi wengine wanatambulika kwa mishono yao.

Kwa asiyejua, nieleze. Pembeni mwa mguu, pale kidole gumba kinapoanzia, mfupa husogea nje kidogo kidogo mpaka unafanya nundu, na kidole chenyewe kinageukia ndani, kuwaelekea wenzake, kama mtu anayetaka kunong'onezwa. Hauanzi kwa kishindo. Mwanzoni kiatu kinabana, unalaumu kiatu. Baada ya miaka kumi hakuna kiatu kinachokuingia, hapo ndipo unaanza kulaumu mguu.

Wengi wanaamini ni ugonjwa wa akina mama waliovaa sana viatu vya mchuchumio. Kila mteja mpya ananiuliza mimi nilivivaa lini. Huwa najibu kwamba ni zamani, siku za usichana wangu, niliacha nilipooa. Ukweli ni kwamba nimevaa kandambili maisha yangu yote, ukiondoa miaka minne ya sekondari nilipovaa viatu vyeusi alivyoviacha binamu yangu, vidogo kwangu kwa saizi nzima. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nikaona kwamba hata kule kubanwa hakukunisaidia kitu.

Miguu hii ni ya mama yetu. Yeye alizeeka nayo, akazikwa nayo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ina dawa. Alituacha watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na kila mmoja akarithi jozi yake. Tuna saizi moja, namba nane, jambo ambalo kwangu ni la kawaida na kwake lilikuwa chanzo cha kutaniwa tangu shule ya msingi. Nyumba na cherehani nikabaki navyo mimi. Shamba la mpunga akabaki nalo yeye.

Mgawanyo huo haukuwa na ugomvi. Mimi ni mtu wa ndani. Naogopa ruba, naogopa mbu wa bondeni, naogopa kulala mahali ambapo kiboko anaweza kupita bila kubisha hodi. Mke wangu ananiita mwali, kwa sababu hata mwali hutolewa nje siku moja, na mimi, anasema, siku yangu bado haijapangwa. Mdogo wangu alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimkalisha kitako barazani robo saa anaanza kufagia ua usio wake. Shamba lenyewe liko ng'ambo ya mto, upande wa barabara ya kwenda Malinyi. Bodaboda inakushusha panapoishia ardhi ngumu, halafu unatembea kwenye matope mwendo wa saa nzima. Mvua zikishika anahamia huko moja kwa moja, kwenye kibanda chake kando ya dungu la kuamia ndege, anapandikiza, anapalilia, anafukuza ndege, na harudi mjini mpaka mpunga umevunwa. Gunia zinaingia nyumba mbili, yake na yangu. Mimi mchango wangu ulikuwa chumvi, viberiti na ushauri.

Na kiraka.

Kila mwaka kabla ya kupandikiza alikuja na gambuti zake. Nundu yake ya kushoto, ndogo kuliko yangu, ilikuwa inasuguana na mpira mpaka inatoka damu. Mwaka wa kwanza nilikata tundu dogo pembeni mwa gambuti, nikabandika kipande cha mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, nikakiacha kimevimba kidogo ili mfupa upate chumba chake. Nilikipima kwa futikamba yangu ya ushonaji, nikakishona kwa sindano ya turubai, nikakipaka gundi. Maji hayakuingia. Alikanyaga kanyaga uani, akasema, "Kaka, umeijengea nundu yangu baraza." Kwa kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyojivunia.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa kupandikiza, gari la matangazo lilipita mtaani likisema madaktari bingwa wa mifupa wamekuja kwa wiki moja, wenye matatizo ya mifupa wajitokeze. Nisingekwenda. Mke wangu aliniandikisha bila kuniuliza, akampigia simu mdogo wangu shambani, akamwandikisha na yeye. Siku ya siku tukaenda pamoja, kaka na dada wa namba nane, tukakaa kwenye benchi miguu minne imenyooshwa mbele. Mzee mmoja wa benchi la pili alituuliza kama tumetoka ukoo wa bata.

Tulipigwa picha ya eksirei tukiwa tumesimama. Daktari alisema picha ya mguu uliolala haisemi kweli, mguu lazima ubebe mzigo wake ndipo uonyeshe ulivyopinda. Mdogo wangu alikuwa na haraka. Miche yake ilikuwa imeshang'olewa kitaluni, imelala majini ikisubiri kupandikizwa, na miche haisubiri daktari. Alipomaliza tu kupigwa picha aliniachia kila kitu. Akaniambia, "Nisikilizie, utanipa habari jioni," akadandia baiskeli ya mtu mpaka stendi.

Kwa hiyo niliingia kwa daktari peke yangu na picha mbili.

Alikuwa mtu mpole, mchovu, mwenye sauti ya mwalimu. Nikataka kumchekesha, nikamuuliza kati yangu na mdogo wangu nani mshindi. Hakucheka. Alizibandika picha zote mbili kwenye taa, akachukua rula na kalamu, akachora mistari kwenye mifupa. Mstari mmoja ulifuata mfupa wa wayo, mwingine ulifuata kidole gumba. Pale mistari inapokutana, akasema, kuna pembe, na pembe hiyo ndiyo tunayoipima. Nikakumbuka kipimapembe changu cha shule, nilichokitumia zaidi kukwangulia maembe mabichi. Pembe ya mdogo wangu ilikuwa ndogo. Yangu ilifunguka kama mkasi.

Halafu akanieleza, polepole, na sikuwahi kusahau. Mguu ambao haujapinda sana, alisema, kazi yake ni fupi. Unakata mfupa karibu na kidole, unausogeza, unaufunga, mtu anatembea na kiatu maalumu, na mara nyingi kidole kinabaki pale ulipokiweka. Mguu uliopinda sana ni habari nyingine. Unakatwa huku juu zaidi, unafungwa vyuma, mtu anakaa muda mrefu bila kuukanyaga, na hata ukinyooka vizuri mezani, uwezekano wa kurudi kupinda ni mkubwa kuliko wa ule mwingine. Maumivu yanaweza kupungua, hilo hakulikataa. Wapo wenye miguu mibaya kabisa wanaoshukuru kuliko wote. Lakini hakutaka kuniahidi kidole kilichonyooka.

Mwisho akasema orodha yake ya wiki imejaa, imebaki nafasi moja. "Wote wawili mnastahili," akaniambia. "Ila huyu dada yako ni wa kufanyiwa sasa, kabla mguu wake haujawa kama wako. Na kazi anayofanya inahitaji mguu. Kazungumzeni nyumbani, kesho asubuhi mnipe jina."

Nilitoka na bahasha ya kaki yenye picha mbili na maneno yote hayo. Bahasha niliifikisha nyumbani nzima.

Jioni kikao kikakaa kwa baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wetu. Kwetu jambo la hospitali haliamuliwi na mgonjwa. Linaamuliwa na kikao, mgonjwa anaarifiwa. Baba mdogo akaomba kuziona picha. Tukazishika dirishani zipigwe na mwanga wa mwisho wa jua, na watu wakapanga foleni kuzitazama. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba niliona fahari. Picha ya mdogo wangu waliitazama wakasema, mbona huu ni mguu. Walipofika kwenye yangu wakaguna. Kidole kimelala juu ya kidole, mfupa umechomoza kama kiwiko. Jirani mmoja aliyekuja kuazima jembe akasema pole akaondoka bila jembe. Tangu kuzaliwa sikuwahi kushinda kitu kwa tofauti kubwa namna ile.

Baba mdogo akaniuliza daktari kasemaje.

Nikasema, "Daktari amesema wangu ndio mbaya zaidi."

Ni kweli alisema hivyo. Mpaka leo mtu hawezi kunikamata kwa uongo. Niliishia hapo tu, nikanywa maji.

Baba mdogo hakuhitaji zaidi. Yeye ni mtu wa haki, na haki anayoijua ni ile ya chakula kikipungua: aliyezidiwa apewe kwanza, na mkubwa atangulie mdogo. Mimi nilikuwa nimezidiwa na nilikuwa mkubwa. Isitoshe, akasema, huyu binti yuko katikati ya kupandikiza, akilazwa sasa tutakula nini? Wote wakakubali. Ulikuwa uamuzi safi, hauna kasoro hata moja, isipokuwa ile niliyokuwa nimeimeza na maji.

Mdogo wangu akapigiwa simu na kuwekwa sauti kubwa ili kikao kisikie. Nyuma yake vyura walikuwa wanapiga kelele hadi tukawa hatumsikii vizuri. Akasema, "Kaka afanyiwe. Mimi bado natembea."

Nilifanyiwa. Sina la kulalamika kuhusu wale madaktari. Walinipa kila walichokuwa nacho. Ganzi ya mgongoni, nusu ya mwili ikawa ya mtu mwingine, nikasikia msumeno mdogo ukilia na nikajua unamlilia nani. Nilitoka na mguu uliofungwa mpaka karibu na goti, magongo mawili, na amri ya kutokanyaga chini. Nilikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote waliowahi kupita pale. Kukaa ndani kulikuwa kipaji changu, na sasa nilikuwa nimeandikiwa na daktari. Mke wangu alisema mwali amepata cheti.

Mdogo wangu alikuja kuniona mara moja katikati ya kazi, amebeba kambale wa kukaushwa. Alinipikia, akafua, akafagia ua. Kabla ya kuondoka alilala chali kwenye mkeka, miguu ukutani, ule wa kushoto umevimba na kuwa mwekundu. Nikajifanya natafuta uzi.

Bendeji ilipofunguliwa mara ya mwisho, kidole kilikuwa kimenyooka. Watu walikuja kukitazama. Nilinunua viatu vya kufunga kamba, vya kwanza tangu sekondari, nikavivaa kwenye harusi ya mtoto wa baba mdogo, na nilicheza, mimi ambaye huwa nacheza kwa kukaa. Baba mdogo akawaambia wageni, "Mnaona? Tulifanya uamuzi wa busara." Mdogo wangu alikuwa jikoni na akina mama, anapakua wali amevaa kandambili.

Msimu uliofuata alileta gambuti. Nikatoa kiraka cha zamani, nikapima. Nundu ilikuwa imekizidi kwa upana wa kidole changu kidogo. Nikakata kikubwa zaidi. Msimu wa baada ya hapo nikakata kikubwa zaidi tena. Sikuhitaji taa ya daktari wala rula yake. Nilikuwa na futikamba, na viraka vya zamani sikuvitupa, vilikaa kwenye kopo kando ya kopo la vifungo, kimoja juu ya kingine, kila cha juu kikikizidi cha chini. Nilijua pembe ya mguu wa mdogo wangu kuliko pembe yoyote niliyowahi kufundishwa. Na kila mwaka nilimwambia, madaktari wakirudi tu, zamu ni yako.

Madaktari walirudi, lakini walirudi wa macho. Mwaka mwingine wakarudi wa meno. Gari la matangazo likipita mtaani mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusimama, na likishasema ni madaktari wa nini, wa kwanza kukaa. Kwenda hospitali kubwa za mbali tulisema mara nyingi, baada ya mavuno. Baada ya mavuno kuna kupura, baada ya kupura kuna misiba na harusi, halafu mvua hiyo.

Wakati huo huo kidole changu kilikuwa kinarudi nyumbani. Mwaka wa pili viatu vya kamba vilianza kubana na mimi, kwa mazoea, nikalaumu viatu. Mwaka wa tatu kidole kilikuwa kimeshamwegemea mwenzake. Si kama zamani, nisiseme uongo. Maumivu ya kuchoma usiku hayakurudi. Lakini nundu ilirudi, ikakaa pale pale, na mteja mmoja mzee alipoiona alisema, "Ahaa, fundi, ndiyo wewe sasa." Alichokisema daktari kilikuwa kinatimia barazani kwangu kama alivyokisema, na aliyekuwa anakijua ni mimi peke yangu.

Wa mifupa walirudi mwaka wa nne. Si yule mpole. Alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani. Safari hii mdogo wangu hakuwa na haraka, alikuwa anatembelea ukingo wa nje wa mguu. Aliingia kwa daktari mwenyewe, na mimi nikabaki benchini na mkoba wake. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka aliuchukua mkoba wake bila kunitazama. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema watamfanyia, nafasi zipo.

Akafanyiwa ile kubwa, kama yangu. Vyuma, magongo, miezi bila kukanyaga. Alikuja kukaa kwangu, kwenye mkeka ule ule, na ilikuwa kama kumfunga mbuzi kamba fupi. Alipanga vifungo vyangu kwa rangi, halafu kwa ukubwa, halafu kwa idadi ya matundu. Ndipo alipolifungua lile kopo lingine. Akavitoa viraka vya mpira, akavitandaza sakafuni kimoja kimoja, kuanzia kidogo. Nilikuwa napiga pindo la sare ya shule. Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Yule daktari wa miwani alinichorea mistari," akasema. "Akaniuliza kwa nini sikuletwa mapema, wakati ule mguu ulikuwa mdogo."

Nikakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

"Nikamwambia, nililetwa. Picha ninayo. Akaomba kuiona." Akakiweka kiraka cha mwisho kwenye mstari. "Kaka, siku ile yule wa kwanza alikuambia nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba sikuelewa, kwamba mimi ni wa kidato cha nne na madaraja yangu anayajua. Angeniachia nipite. Amekuwa akiniachia nipite tangu utoto.

"Aliniambia wako ndio wa kufanyiwa," nikasema. "Kabla haujawa kama wangu."

"Na kwenye kikao?"

"Sikusema."

Alivikusanya viraka taratibu, akavirudisha kwenye kopo, akafunika. "Sawa," akasema. Baadaye kidogo akaniambia pindo la sare limekwenda upande, nilifumue. Kweli lilikuwa limekwenda upande.

Kesho yake nilimwendea baba mdogo nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mambo ya zamani tuyaache, mbona miguu yote miwili imeshafanyiwa. Kwake hesabu ilikuwa imetoka sawa.

Kidole cha mdogo wangu kilinyooka, na bado kimenyooka kuliko changu, ingawa kimeshaanza kuangalia pembeni. Nundu haimuumi tena. Kinachomuuma ni chini ya wayo, nyuma ya kidole cha pili, ambako uzito wote umehamia. Kwenye sakafu anatembea. Kwenye lami anatembea. Kwenye matope, ambako mtu lazima ajisukume kwa kidole gumba ili auchomoe mguu, hawezi hatua ishirini. Alijaribu msimu uliopita. Jirani yetu wa shamba, Msukuma mwenye maksai, alimkuta amekaa juu ya tuta la jaruba akiwa hawezi kwenda mbele wala kurudi, akampakia kwenye mkokoteni mpaka barabarani. Yule bwana hupenda sana kumtania, kumuuliza atalipiwa ng'ombe wangapi. Siku ile, mdogo wangu anasema, hakutania. Hicho ndicho kilichomuumiza.

Msimu huu akasema atapanda kwa vibarua, ila ndege hawezi kumwachia kibarua, kibarua husinzia. Kama hakuna mtu wa nyumbani wa kukaa dunguni, mpunga utaliwa, na mpunga ukiliwa mwaka huu shamba litakodishwa, baba mdogo ameshapata mtu. Alilisema hilo kwa mke wangu, jikoni, kwa sauti ambayo ilikusudiwa kufika barazani.

Nikasema nitakwenda mimi. Mke wangu alicheka mpaka akaketi. Halafu akaona sijacheka, akaenda kunifungia chandarua.

Ndiyo maana niko huku sasa, wiki ya tatu. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, mchana, ndege wakiwa wamekwenda kupumzika. Dungu ni vijiti vinne na sakafu ya fito, ngazi yake ina hatua tano na mimi huzipanda kama mzee anayekwenda kuungama. Alfajiri kweleakwelea wanakuja kama moshi. Navuta kamba zenye makopo, napiga debe, natupa udongo kwa teo la kamba, nao huniangukia mwenyewe. Wanainuka, wanazunguka, wanashuka upande wa pili, wakubwa kwa wadogo, bila haraka. Jirani yule wa maksai alisimama jana akanitazama, akanisalimu kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama nawafukuza au nawapima suti. Upande wa mashariki wa shamba masuke yamesimama wima. Suke lenye mchele huinama. Yaliyosimama ni matupu.

Nilimpigia simu jioni nikamwambia ukweli, kwamba upande wa mashariki masuke yamesimama wima, na wa katikati sina hakika nao. Nimejifunza kusema maneno yote ya ripoti. Alikuwa barazani kwangu, nilisikia akikanyaga cherehani. Mke wangu amemfundisha kuweka vifungo na kupiga pindo, na wateja wanasema pindo lake limenyooka kuliko langu.

"Basi mwambie baba mdogo amlete huyo mtu wake," akasema.

"Subiri kwanza tuvune."

"Kaka, nimekaa huko dunguni miaka kumi na tisa. Ukiniambia wima, nayaona." Halafu akaniuliza, "Umevaa nini miguuni? Nyoka wako huko."

Nikamwambia nimevaa gambuti zake. Zilikuwa zimening'inia kibandani, na sikuwa na zangu, mimi ni mtu wa kandambili.

"Zinakutosha?"

"Zinanitosha."

"Na ya kushoto?"

Nilitazama chini. Nundu yangu ilikuwa imekaa ndani ya kiraka cha mwisho, kile kikubwa kuliko vyote, nilichokikata mwenyewe kwa futikamba. Haikugusa popote. Hata mama yetu angekivaa.

"Imenikaa sawasawa," nikasema.

Nilisikia cherehani ikisimama, halafu ikaendelea.

"Haya," akasema. "Anika vizuri kiraka, gundi yake haipendi unyevu. Na ndege usiwapigie debe wakishatua, wapigie wakiwa bado hewani."